Usiizime Bado

Sisi tuliofanya kazi za usiku Rusayl tunaujua ukimya wa saa tisa, wakati jirani zetu wa eneo la viwanda wamelala na kinachosikika ni viyoyozi tu. Tulikuwa watatu katika zamu, sote asili yetu Unguja, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya usiku wetu.

Usiku mmoja wa mwaka 2012, siku ya kulipa mishahara, programu ya mishahara iliganda. Haikufa. Ilikuwamo miongoni mwa programu zinazoendeshwa, ila haijibu neno. Ilikuwa mara ya tatu. Mbili za mwanzo tuliizima tukaiwasha, ikafanya kazi, na lawama ikamwangukia mdogo wetu, kwani ndiye aliyeigusa mwisho. Safari hii mkubwa wa kazi akapiga simu: "Izimeni, muiwashe. Na huyo kijana asubuhi aje kwangu."

Kijana akasogea kwenye kompyuta. Mzee wetu wa zamu akamzuia.

"Ngoja, mwanangu. Ukiizima unamuua shahidi."

"Lakini ami, mkubwa keshasema."

"Dakika tano hazimlazi mtu na njaa."

Wasomaji wetu wasiofanya kazi hizi wafahamu jambo moja. Programu ikiwa inafanya kazi, hesabu zake zilizo nusu njia hukaa katika kumbukumbu ya muda. Ikizimwa, hayo yote hutoweka. Hubaki daftari la matukio, nalo aghlabu husema imesimama saa ngapi, lisiseme kwa nini.

Katika Linux ipo amri iitwayo gcore, ambayo huja pamoja na gdb, chombo cha kuchungulia ndani ya programu. Unaitafuta namba ya programu kwa amri ya ps, kisha unaandika gcore na namba ile. Programu husimamishwa kidogo, kumbukumbu yake hunakiliwa kwenye faili, halafu huachiwa iendelee na shughuli zake. Faili hilo huitwa core, jina lililotokana na viduara vya sumaku vilivyokuwa kumbukumbu za kompyuta miaka ya 1950 na 1960. Viduara vimekwisha, jina limebaki. Hapana budi diski iwe na nafasi, kwani faili huweza kuwa kubwa sana, na si kila mtu huruhusiwa. Ubuntu, kwa mfano, tangu 2010 huzuia mtumiaji wa kawaida asichungulie hata programu yake mwenyewe iliyokwisha kuanza kazi, mpaka awe na mamlaka ya msimamizi.

Mzee aliyapata mamlaka, akaandika amri, tukangoja. Faili lilipokamilika ndipo tulipoizima programu na kuiwasha, na mishahara ikatoka kabla ya alfajiri.

Kisha tukalifungua faili kwa gdb, tukaomba kuoneshwa kila uzi wa kazi umesimama wapi. Uzi mmoja ulikuwa umeshika kufuli ya orodha ya wafanyakazi, unangoja kufuli ya malipo. Wa pili umeshika ya malipo, unangoja ya wafanyakazi. Ni kama wenye mikokoteni wawili waliokutana katika kichochoro cha Mji Mkongwe, na hapana wa kurudi nyuma. Sehemu ile ya programu iliandikwa kabla kijana hajaajiriwa. Asubuhi alikwenda kwa mkubwa na karatasi mkononi, akarudi na kazi yake.

Waliotuuzia programu wakaomba tuwapelekee faili lote. Tulichungulia ndani kwanza. Tulikuta majina ya watu, mishahara yao, nani amekatwa kwa mkopo, hata neno la siri la hazina ya data, wazi kama maandishi ya barua. Tukapeleka ule ukurasa wa nyuzi tu, nao uliwatosha. Faili tukalifunga lisisomwe na mwengine, na kosa liliporekebishwa tukalifuta.

Alfajiri ile, tukirudi nyumbani katika gari moja, mzee alimwuliza kijana, "Bibi yako aliyekuja kutoka Unguja yungali hai?"

"Yu hai, ami. Yuko Barka."

"Umepata kumrekodi akizungumza?"

Kijana alinyamaza. Mzee naye hakuongeza neno, ila sisi tulijua kuwa mamake alizikwa na khabari zake zote.

Alhamisi iliyofuata, kwani mwaka ule mapumziko yalikuwa bado Alhamisi na Ijumaa, kijana alikwenda Barka na simu yake. Alikwenda tena wiki nyingi baada ya hapo, mpaka bibi alipofariki. Baadhi ya mazungumzo ametusikilizisha, tukacheka mpaka machozi. Mengine bibi alimwambia, "Hili lako wewe, mjukuu wangu." Hayo hajayafungulia mtu, nasi hatujamwomba.