Jicho la Wavu na Samaki wa Mji wa Kale

Kutoka Ngome ya Yesu, fuata barabara ya Mbarak Ali Hinawy, upite Msikiti wa Mandhry wenye mnara wake mweupe, hadi ufike uwanja wa Government Square kando ya Bandari ya Kale. Hapo, mpenzi msomaji, kuna soko la samaki. Usikimbilie kuuliza bei. Tazama kwanza urefu wa samaki: tafi wa kujaa sahani, changu wa kiasi, na pembeni fungu la vidagaa vya pono visivyozidi kiganja. Vidogo hivyo huchukuliwa na mama karanga, wale akina mama wanaokaanga samaki na kuwauza rejareja mitaani.

Kwa nini wawe wadogo? Wengi husema bahari imeisha. Sehemu kubwa ya jibu, hata hivyo, imo katika ushonaji wa mtego wenyewe.

Chukua ule mfuko wa wavu unaouziwa vitunguu. Ukiwa mtupu, macho yake yako wazi. Uning'inize ukiwa umejaa: macho yanavutika kwa urefu na kujifunga. Ndivyo ulivyo wavu wa meli unaokokotwa chini ya bahari. Mbao mbili nzito hupanua mdomo wake, maboya huinua ukingo wa juu, na samaki husukumwa hadi kwenye mfuko wa nyuma. Meli inapovuta, macho yaliyokaa kama almasi hubana. Yanayobaki wazi ni yale machache yaliyo mbele tu ya shehena. Kwa hiyo kipimo kilichoandikwa karatasini hakitoshi. Jicho la mraba halibani hivyo, na samaki mchanga hupata pa kupenya. Uzi mnene au mfuko wa pili juu ya wa kwanza huharibu faida hiyo.

Hapa Kenya mzozo mkubwa wa nyavu hizi ulikuwa Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ambako mito Tana na Sabaki huleta tope linalopendwa na kamba wa baharini. Meli zilifuata kamba, lakini zilizoa na samaki wachanga, zikagongana na wavuvi wadogo wa huko. Mwaka 2006 uvuvi huo ulisimamishwa, ukarudi 2011 chini ya mpango wa 2010: meli zisikaribie pwani chini ya maili 3 za baharini, na zipumzike kuanzia Novemba hadi Machi. Zinatakiwa pia kuweka wavu wenye fito za chuma kooni, kamba wapite katikati ya fito, kasa asukumwe nje kupitia mlango wake. Ni ufundi mzuri, ila fito hizo hazimsaidii sana samaki mdogo anayepita pamoja na kamba.

Wavuvi wadogo nao wana yao. Juya, wavu mrefu unaovutwa hadi ufuoni, huparua nyasi za bahari ambamo watoto wa samaki hulelewa. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2001; hata hivyo halikutoweka.

Kwa maoni yangu, jambo la kupendeza zaidi linahusu lema, ule mtego wa kusuka. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya samaki iliyo ng'ambo ya maji upande wa Mkomani, na wenzao wa Wildlife Conservation Society walijaribu kuacha mwanya wa wima wa sentimita 3 hadi 4 ubavuni mwa mtego. Wachanga na wale wembamba wasio na soko hutoka wenyewe, wakubwa hubaki. Jaribio lilionyesha samaki waliobaki kuwa wakubwa na wenye bei nzuri zaidi. Gharama ya kukata mwanya si kitu.

Kikwazo ni jirani. Tafi aliyepewa njia na lema lenye mwanya anaweza kuishia ndani ya juya lililo umbali mfupi, kabla hajakua. Na mama karanga, ambaye biashara yake imejengwa juu ya fungu la bei nafuu, ndiye atakayekosa mali kwanza iwapo wadogo wataachwa baharini. Samaki mkubwa huenda kwa wenye mikahawa na mahoteli. Sijaona mpango wa nyavu unaoanza na karai lake.