Mwaka Ziwa Lilipofungwa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wanaoandika katika gazeti letu hili hueleza habari za michezo, safari au mambo ya bwenini. Nami leo naomba nafasi kidogo nieleze habari za nyumbani kwetu Ujiji, maana nimekaribia kumaliza shule, na mtu akaribiapo kuondoka hutazama nyuma alikotoka.

Baba yangu ni mvuvi wa dagaa. Hana chombo chake mwenyewe. Huenda ziwani katika kipe cha tajiri mmoja, na malipo yake ni fungu katika mauzo ya usiku ule. Hutoka jioni na wenzake na kurudi alfajiri, isipokuwa siku za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti samaki. Baba mdogo naye hufanya kazi hiyo hiyo. Mama, ambaye ni Muha wa Kasulu, hununua dagaa mwaloni, huwaanika, kisha huwauza sokoni pamoja na mawese. Mwenye nyumba ni Bibi, mama yake Baba, mjane wa Babu ambaye wazee wake walitoka Umanyema, ng'ambo ya ziwa. Bibi alizaliwa mwaka 1947, na Uhuru wa 1961 aliuona akiwa msichana wa miaka 14. Basi sisi sote, tangu Bibi hata mtoto anyonyaye, tulikuwa tukilishwa na ziwa.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Miezi mitatu si mingi katika kalenda, lakini katika nyumba ya mtu anayelipwa kwa usiku ni mingi sana. Wakati huo nilikuwa Kidato cha Pili. Nilipofika nyumbani kwa likizo ya Juni niliona kwamba baiskeli ya Baba haipo ukutani. Sikuuliza. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na maharage, kesho tena maharage. Dagaa, ambao zamani tuliwachoka, sasa tuliwaota.

Jambo lililonishangaza ni kwamba Baba hakulaumu. Jioni moja, tukiwa tumezunguka sinia, alisema, "Zamani tulijaza chombo kabla ya usiku wa manane. Siku hizi tunakesha na kurudi na ndoo. Tusipowaacha wazae, watoto hawa watakula nini?"

Baba mdogo akajibu, "Kaka, tumbo halijui Agosti. Sheria hii ni nyepesi kwa mtu mwenye mshahara. Mimi nina watoto watatu wanaolia leo."

Baba akanyamaza. Naye Baba mdogo akanawa mkono kabla hajashiba, akaondoka. Tangu siku ile hakula tena nasi sinia moja. Mimi sikusema neno, kwa kuwa mtoto hasemi wakubwa wanapobishana, lakini moyoni nilikuwa upande wa Baba mdogo.

Siku chache baadaye aliniita pembeni. Alisema kuna chombo kitatoka usiku kwa siri, na anatakiwa kijana wa kukomba maji. Nitapata fedha. Wasomaji wanajua kwamba katika shule za Serikali ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ilifutwa mwaka 2016, lakini sabuni, madaftari na nauli ni juu ya mzazi, nami nilijua kwamba mzazi wangu hana kitu. Nikakubali. Sijivuni kwa hilo; naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Usiku wa manane nilitoka polepole nikashuka ufukoni. Pale nilimkuta Baba, ameketi juu ya mtumbwi uliofudikizwa. Hata leo sijui kama kuna mtu aliyemwambia. Labda hakuna, mtu aliyezoea kulala mchana miaka yote hawezi kujifunza kulala usiku kwa miezi mitatu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kaa." Nikakaa.

Waliopata kukaa Kigoma wanajua jinsi taa za wavuvi zinavyong'aa usiku, kana kwamba kuna mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Usiku ule mji huo haukuwapo. Ziwa lote lilikuwa giza mpaka upande wa Kongo. Baba akasema, "Hata mimi sijapata kuliona hivi." Kisha, baada ya kitambo, akasema, "Ukienda leo utapata fedha ya sabuni, na kesho utataka kwenda tena. Mimi nilianza hivyo hivyo, nikaacha shule darasa la sita."

Mara Baba mdogo akatokea, amebeba taa ndani ya gunia. Alipotuona alisimama. Nilidhani watagombana. Lakini aliliweka gunia chini, akaja akaketi upande wa pili wa mtumbwi ule ule, mbali kidogo na sisi. Hakuna aliyesema neno mpaka tuliposikia adhana ya alfajiri. Hapo tukaondoka kwenda nyumbani, kila mmoja kwa mwendo wake. Juma lile Baba mdogo alikwenda Uvinza kutafuta kibarua, akarudi Agosti ziwa lilipofunguliwa.

Msidhani kwamba ugomvi uliisha hapo. Novemba 27 mwaka ule ule ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa, na Baba na Baba mdogo wako vyama mbalimbali. Nilipofika likizo ya Desemba nilikuta bado wanabishana ukumbini, nani alisema nini katika mkutano gani. Bibi ndiye aliyetoa amri: siasa iachwe mlangoni pamoja na viatu. Alituambia kwamba hata kabla ya Uhuru watu walibishana sana Ujiji, lakini walipofiwa walizikana. Basi wakaingia, wakala sinia moja. Walipotoka wakavaa viatu vyao, wakaanza tena.

Mwaka huu katika somo la Jiografia tulifundishwa kwamba ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, na kwamba ni la pili kwa kina duniani. Lakini huko chini hakuna hewa ambayo samaki aweza kuvuta. Karibu samaki wote huishi katika tabaka la juu tu. Tena maji ya juu yakizidi kupata joto, hayachanganyiki vema na yale ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki hupungua. Niliposikia hayo nilikumbuka maneno ya wazee wangu wawili, nikaona kwamba Baba alisema kweli juu ya ziwa, na Baba mdogo alisema kweli juu ya njaa. Mtu atakayepata njia ya kuzifunga kweli hizo mbili kamba moja atakuwa ametufaa sana.

Je, ni mimi? Sijui. Baba anataka niende Kidato cha Tano. Baba mdogo anasema reli mpya kutoka Tabora, ile ya kilometa 506 ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Desemba 2022, itahitaji mafundi. Mimi moyo wangu unavutwa na chuo cha uvuvi pale Kibirizi. Na mtihani ukinishinda, kipe cha tajiri kipo, na nafasi ya kukomba maji haikosi mtu.

Usiku, baada ya masomo, husimama dirishani bwenini nikalitazama ziwa. Taa zimerudi. Najua moja katika zile ni ya Baba, ingawa siwezi kuijua ni ipi. Nikisha kuzitazama, hurudi kitabuni.