Kanda ya Usiku wa Maboga

Kanda ya dakika 90 ilikuwa na nidhamu yake. Dakika 45 upande huu, 45 upande ule, na ukizidisha wimbo mmoja tu utakatwa katikati, tena mahali pabaya. Sisi tuliokua tukirekodi nyimbo za Redio Tanzania (RTD) kwa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, huku tukimwomba Mungu mtangazaji asianze kusema kabla wimbo haujaisha, hesabu hiyo tunaijua. Kilichonishangaza ni kuikuta Ohio, katika kiwanda cha vipuri vya magari nje kidogo ya Columbus, ikitumika kupanga mashetani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Zamu yetu ya usiku ilikuwa na dereva wa foklifti, mzungu mwenye ndevu za kufika kifuani, ambaye kila Oktoba aliandaa kanda ya Halloween: roki ngumu na hevi metali mwanzo mwisho. Redio kaseti ilikaa juu ya kabati la zana, imejaa vumbi la chuma, na wiki ya mwisho ya mwezi tulifanya kazi kwa sauti za kengele, radi na magitaa yaliyounguruma kushinda mashine. Asubuhi nikirudi nyumbani nilipita mitaa ambayo wenyeji wamepanda mawe ya makaburi bandia uani na kukalisha mifupa ya plastiki kwenye viti vya baraza. Mimi ni Mlutheri wa Machame. Kwetu ukiweka kaburi la kuigiza mbele ya nyumba yako, ukoo unakaa kikao siku hiyohiyo.

Kanda ilifunguliwa na wimbo mmoja kila mwaka: "Black Sabbath", wa bendi ya Black Sabbath, kutoka albamu iitwayo Black Sabbath. Albamu hiyo ilitoka Uingereza Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970. Mvua inanyesha, kengele inalia mbali, radi, kisha gitaa linapiga noti tatu tu, taratibu mno, na ile ya tatu inakaa mahali ambapo sikio halikuitaka ikae. Jina walilichukua kwenye filamu ya kutisha ya Mario Bava ya mwaka 1963, aliyoigiza Boris Karloff. Vijana hao wa Aston, Birmingham, waliona watu wanapanga foleni na kulipa hela ili watishwe, wakajiuliza kwa nini muziki nao usifanye biashara hiyo.

Lakini aliyenishika mimi ni mpiga gitaa wao, Tony Iommi, na nilisimuliwa habari zake nikiwa nimesimama pembeni ya mashine ya kukandamiza bati, inayoshuka kwa tani kadhaa kila sekunde chache. Iommi alikuwa na miaka 17, akifanya kazi kiwandani Birmingham. Siku yake ya mwisho kazini, mashine ya bati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Angekuwa mtu wa kawaida angepona na kuendelea. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vilivyokatika ni vidole vya kukandamizia nyuzi. Meneja wake akamletea santuri ya Django Reinhardt, bingwa wa gitaa ambaye mkono wake uliungua akabaki na vidole viwili vinavyofanya kazi sawasawa. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akafinyanga vikofia vya kuvisha vidole, akavibandika ngozi juu. Akatafuta nyuzi nyembamba. Baadaye akazilegeza ili zisimuumize, na sauti ikashuka chini. Ukisikiliza Master of Reality, albamu yao ya 1971, unasikia gitaa linalokokota miguu kama mtu aliyebeba gunia. Uzito huo, ambao maelfu ya bendi zimeuiga, sehemu yake kubwa ilizaliwa na ajali ya kazini.

Mwenye ndevu alimsimulia kila mfanyakazi mpya kisa hiki, kisha akagonga kwa kidole kile kizuizi cha chuma kinachokinga mikono kwenye mashine yetu. Video ya usalama tuliyoonyeshwa ofisini sikumbuki hata neno lake moja.

Wimbo wa pili ulikuwa "Hells Bells" wa AC/DC, na huo sikuhitaji kuelezwa. Kengele inagonga, inanyamaza, inagonga tena. Machame kengele ya usharika ikilia hivyo siku ya kazi, watu wanasimama shambani na kuulizana ni nani. Ni kengele ya msiba, na ndivyo walivyokusudia: mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 1980, na albamu ya Back in Black iliyotoka Julai mwaka huohuo, jalada jeusi tupu, ilikuwa ya kumwombolezea. Kengele yenyewe ilisubuliwa Loughborough, Uingereza. Kabla ya hapo walijaribu kurekodi kengele ya mnara wa kumbukumbu ya vita mjini humo, ikashindikana kwa sababu ndege walioishi ndani ya mnara waliruka kila ilipogongwa, mabawa yakajaa kwenye rekodi. Mimi ningewaacha ndege.

Upande A ulimalizika na Alice Cooper, kipande cha albamu ya Welcome to My Nightmare ya 1975. Hapo katikati anaingia mzee mmoja anazungumza juu ya buibui kwa sauti ya profesa aliyerukwa na akili. Nikaacha nilichokuwa nafanya. "Huyu ni mzee wa Thriller," nikasema. Mwenye ndevu alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Vincent Price, kweli, yuleyule anayecheka mwishoni mwa wimbo wa Michael Jackson wa 1982, ambao sisi tuliuangalia kwenye mikanda ya video mpaka picha ikaanza kuchuja. Tangu usiku huo nikawa mtu wa kushauriwa. Ndipo nikasikia kwamba Iron Maiden nao walimtaka Price asome maneno ya utangulizi wa "The Number of the Beast", bei ikawashinda, wakamchukua mwigizaji Barry Clayton.

Kushauriwa ndiko kubishana. Bendi ya Helloween ya Hamburg ina wimbo uitwao "Halloween", wa 1987, unaozidi dakika 13. Hiyo ni zaidi ya robo ya upande mzima wa kanda. Mwaka mmoja unaingia, mwaka mwingine unatolewa ili zipate nafasi "Bark at the Moon" ya Ozzy Osbourne na "Pet Sematary" ya Ramones. "Highway to Hell" ya AC/DC nilipinga na bado napinga: ni wimbo wa wanaume waliochoka na safari za kazi, hauna hata kivuli cha kutisha. "(Don't Fear) The Reaper" ya Blue Öyster Cult haikugombewa, maana ni mpole, na upole wake ndio unaotia baridi. John Carpenter aliuweka ndani ya gari la wasichana katika filamu yake ya Halloween ya 1978, na muuaji yuko nyuma yao.

Mchango wangu ulikuwa Screamin' Jay Hawkins. Mwenye ndevu akasema huyo si roki ngumu, ni bluzi ya 1956. Nikamwambia, basi niambie nani alianza kutoka ndani ya jeneza jukwaani. Hawkins ni mzaliwa wa Cleveland, hapahapa Ohio, Mweusi, na "I Put a Spell on You" anaiimba kwa kukoroma na kupiga mayowe huku ameshika fuvu kwenye fimbo. Alice Cooper na nyoka wake na mashine yake ya kukata vichwa walikuja baadaye. Akanipa dakika mbili na nusu mwisho wa Upande B.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mama mmoja wa ibada yetu ya Kiswahili alikuja kututembelea akakuta kanda inalia. "Shemeji, hizi nyimbo za kuzimu mnazipiga na watoto wamo ndani?" Nikamweleza kwamba anayeimba "Black Sabbath" anaona kiumbe cheusi na kumlilia Mungu amwokoe, kwamba Geezer Butler, aliyeandika maneno mengi ya nyimbo za bendi hiyo, alilelewa Mkatoliki, kwamba baba yake Ozzy, mwimbaji wao, aliwatengenezea misalaba ya alumini waivae, kwamba Alice Cooper ni mtoto wa mhubiri. Akanisikiliza hadi mwisho. "Na Shetani naye alikuwa malaika," akasema, akaomba chai.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1985 kina mama wenye majina Washington, akiwemo Tipper Gore, waliwafikisha wanamuziki mbele ya kamati ya Seneti, na ndiko zilikotokea zile lebo nyeusi na nyeupe za kuwaonya wazazi. Kwenye kanda za dukani nilizikuta bado zina uzito. Kijana alificha kaseti yenye lebo hiyo chini ya godoro.

Miaka ya elfu mbili ikaja na CD za kuchoma nyumbani, "Dragula" ya Rob Zombie na "Black No. 1" ya Type O Negative zikapata nafasi, kisha aipodi, sina mengi ya kusema hapo. Mwenye ndevu alistaafu, orodha ikahamia kwangu. Na woga ukaondoka. "Enter Sandman" ya Metallica ikawa wimbo wa kumwingizia uwanjani Mariano Rivera wa timu ya besiboli ya Yankees, babu na wajukuu wakiimba pamoja. Supamaketi ninakonunua maboga hupiga Ozzy kwenye spika za dari, kati ya tangazo la mkate na tangazo la nyama.

Binti yangu aliyezaliwa huku aliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2022 alinijia na simu: "Baba, sikiliza hii." Ni Ghost, bendi ya Uswidi ambayo mwimbaji wake huvaa kama papa wa kuzimu, na wimbo "Mary on a Cross" wa 2019 uliofufuliwa na TikTok. Mtamu, una kinanda, hata yule mama wa ibada angetikisa kichwa kabla ya kusikia maneno. Orodha ya binti ina nyimbo zaidi ya mia tatu, na anazichanganya simu ichague yenyewe. Hapo ndipo hatuelewani. Simu ikitoka kwenye radi ya Sabbath ikarukia mbio za Slayer, hakuna kilichopata muda wa kukusogelea. Kitisho kinakuja kwa miguu. Wepesi unasisimua tu.

Tarehe 5 Julai 2025 Sabbath wanne wa mwanzo walipiga pamoja kwa mara ya mwisho Villa Park, mtaani kwao Aston, Ozzy akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi cheusi. Tarehe 22 mwezi huohuo akafariki, ana miaka 76. Oktoba iliyofuata binti alizima ule mchanganyo wa simu mwenyewe, akaniuliza mpangilio wa ile kanda ya kiwandani ulikuwaje. Nikamwandikia, Upande A na Upande B.

Nawe ukitaka kuandaa ya kwako, anza na "Black Sabbath", fuatisha kengele, usizidishe dakika 90, na Hawkins umweke mwisho. "Highway to Hell" iache kwa ajili ya safari ndefu ya gari. Na ikifika saa nne usiku zima, majirani wana kazi asubuhi.