Pipi ya San Miguel na mkia wake wa karatasi

Ukitoka Manila kwa basi kwenda kaskazini, unapita mashamba ya mpunga ya mkoa wa Bulacan hadi unafika San Miguel. Zamani mji huo uliitwa San Miguel de Mayumo, na mayumo kwa Kikapampangan maana yake ni tamu. Huko ndiko Wafilipino wanakohesabu asili ya pastillas de leche, vipipi vya maziwa visivyozidi kidole kwa ukubwa.

Jina ni la Kihispania, lakini maziwa ni ya karabao, yule nyati wa kufugwa anayelima majaruba. Hatoi mengi, ila ni mazito, mafuta yake takriban mara mbili ya yale ya ng'ombe. Na mama asiye na friji, katika joto lile, hawezi kuyalaza. Basi huyabandika jikoni pamoja na sukari, kwa moto mdogo, akakoroga bila kupumzisha mkono mpaka yawe donge linaloachana na sufuria. Wengine hutia ganda la ndimu kuleta harufu. Donge likipoa hukatwa na kuviringishwa, kisha hugaragazwa kwenye sukari. Ukizubaa kidogo tu limeungua. Aliyewahi kupika kashata anaujua uchungu huo.

Lakini mimi kilichoniduwaza ni karatasi. Wanaiita pabalat. Ni karatasi ya rangi, nyembamba kama ganda la kitunguu, ambayo hukunjwa na kukatwa kwa mkasi mdogo wenye ncha. Ikikunjuliwa unaona maua, kibanda cha makuti, jina la bibi harusi, au neno Mabuhay la kukaribisha wageni. Upande mmoja hufunga pipi, uliobaki huning'inia kama mkia. Kwenye karamu mikia hiyo ndiyo pambo la meza, nayo husema na mgeni kabla mwenyeji hajafungua kinywa. Sisi wa kanga hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Luz Ocampo wa San Miguel alijulikana nchi nzima kwa ukataji huo, akawafundisha na wengine. Hata hivyo mafundi waliobaki ni wachache. Pastillas nyingi za madukani sasa hupikwa kwa maziwa ya unga na ya kopo, zikafungwa karatasi nyeupe tu. Siwalaumu wapishi. Nani atalipa saa nzima ya mkasi kwa kitu kinachochanwa na mtoto kwa sekunde moja?

Nilinunua boksi moja la zenye mikia, nikaona bei ni kubwa, nikaomba nipunguziwe. Nilipoona jinsi karatasi moja inavyokatwa nilirudi kulipa zilizopungua, kwa aibu.

Nyumbani pipi zilikwisha jioni ileile. Mikia nimeibana ndani ya albamu ya harusi yetu, na binti yangu ameshachukua mkasi wa kucha na gazeti la zamani anajaribu kukata ua.