Mato na Macho

Nilikuwa darasa la saba, hapa Mombasa, niliporudi nyumbani na insha iliyopata alama 19 kwa 40. Nilikuwa nimeandika habari za safari ya kwenda Lamu. Kila palipokuwa na "ndia" palizungushiwa wino mwekundu. "Mato" vivyo hivyo, na "ndaa", na "kuteka" kwa maana ya kucheka. Chini kabisa mwalimu aliandika: "Hujui Kiswahili."

Bibi hakusoma herufi za Kizungu. Alisoma za Kiarabu, na tungo za Muyaka bin Haji alikuwa nazo moyoni. Akaniuliza, "Wino huu wasemani?" Nikamwambia wasema mato si neno. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Muyaka naye hakujua kusema." Hakuwa akifanya mzaha. Nami tangu siku ile nikaanza kumsahihisha Bibi, tukiwa mkekani tunakula, mbele ya wageni. Hilo laniuma hadi leo kuliko zile alama.

Kidato cha tatu tukafikia ushairi. Muyaka yule yule, aliyefariki yapata mwaka 1840, akaletwa darasani, tukafundishwa kwamba Kimvita chake, lahaja yetu ya Mombasa, ni "uhuru wa mshairi", sawa na inkisari na tabdila. Aliyeyatambua maneno ya lahaja na kuyataja alipata alama. Kwake uhuru, kwangu kosa! Nilitaka kunyoosha mkono niulize, sikunyoosha.

Nikawa mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nilizungusha wino ule ule nikiamini nailinda lugha. Kilichonigeuza nilikisoma wakati wa shahada ya uzamili: azimio la mwaka 1974 la walimu wa uandishi wa vyuo vya Marekani, lililotamka kwamba mwanafunzi ana haki ya lugha yake mwenyewe, lahaja aliyolelewa nayo. Miongoni mwa walioliandaa alikuwa Geneva Smitherman, msomi Mweusi aliyetetea usemi wa watu wake kwa kalamu na kwa ushahidi. Mwaka 1979 aliusimamia utetezi huo mahakamani akiwa shahidi mtaalamu, katika kesi ya watoto Weusi wa Ann Arbor, Michigan. Jaji Charles Joiner akaamua kwamba wenye shule hawakuizingatia lugha ya nyumbani ya watoto wale walipowafundisha kusoma. Nilisoma habari hizo usiku, na aliyenijia machoni ni Bibi.

Ndipo nikaitazama upya historia yetu. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa. Sikikatai Kiswahili sanifu. Ndicho ninachokiandika sasa, na kwa hicho nasomeka Kigoma na Eldoret. Lakini lile lilikuwa chaguo, na utawala wa kikoloni ndio uliolisimamia kwa ajili ya vitabu na shule zake. Halikusema popote kwamba wana wa Mvita hawajui lugha yao. Hayo tuliyaongeza sisi walimu, kwa wino.

Siku hizi nina kalamu mbili. Ya bluu huandika pembeni, "sanifu: njia", kwa kuwa mtihani ungalipo na sitaki kumdanganya mtoto. Nyekundu nimeiachia hoja zisizoshikana na sentensi zilizokatika njiani. Muhula uliopita mvulana mmoja aliandika insha yote kwa sanifu safi, ila humo ndani nyanya yake alipofungua kinywa alisema Kimvita. Alipokuja kukabidhi daftari alilishika kwanza, akauliza, "Mwalimu, hapa utakata?"

Nikamwambia akae. Nikayasoma maneno ya nyanya yake mbele ya darasa, mara mbili, na nilipofika kwenye "mato" niliitamka ile t ulimi ukigusa meno, kama alivyoitamka Bibi.