Mhuri wa Nyumbani, Kazi ya Ugenini

Kizazi chetu kilijifunza ndege bila kuuza shamba. Nalitanguliza hilo ili kijana anayesoma ajue mzee huyu anasemea wapi. Sikuwa rubani. Nilikuwa fundi wa ndege, mtu wa spana na grisi, nikachukuliwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki mara tu baada ya sekondari na kupelekwa karakana ya Embakasi, Nairobi. Hadi kufika pale, nilisomeshwa na kahawa ya baba, iliyopimwa kwenye mizani ya chama cha msingi na kuuzwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kuanzia pale, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilibeba mzigo wote: mafunzo, malazi, ovaroli, hata nauli ya likizo. Wenzetu waliochaguliwa urubani walikwenda Soroti, Uganda, chuo kilichofunguliwa mwaka 1971 kwa vijana wa nchi zote tatu. Mchaga wa Kilema alikaa dawati moja na Mjaluo wa Kisumu na Mganda wa Masaka, na hakuna aliyeulizwa baba yake ana ng'ombe wangapi.

Leo vijana wa Moshi wenye leseni za urubani wanakuja kuniamkia, na baada ya shikamoo swali ni lile lile: babu, Ulaya wanaajiri? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo lililonishikisha kalamu, maana linaanzia huku huku kwetu.

Tuanze na soko lenyewe. Mwaka 2020 korona ililaza ndege chini na maelfu ya marubani wa Ulaya wakakosa kazi. Abiria waliporudi kwa kishindo mwaka 2022, mashirika mengi yakajikuta hayana watu wa kutosha, yakaanza kuwatafuta wale wale yaliyowaaga. Tangu hapo soko linapanda na kushuka. Boeing ikichelewa kukabidhi ndege, Ryanair inapunguza mipango yake. Injini za Pratt & Whitney zikionekana na kasoro, Wizz Air inaegesha ndege zake kwa makumi. Sisi wenyewe tuliyaonja hayo, pale ndege za Airbus A220 za Air Tanzania zilipokaa chini zikisubiri injini za kampuni hiyo hiyo. Hata hivyo kila mwaka wapo makapteni wanaofikisha miaka 65, umri ambao kanuni za kimataifa zinawataka wang'atuke kwenye ndege za abiria, na lazima mtu akalie viti vyao.

Kwa hiyo kazi zipo. La kujiuliza ni nani anaruhusiwa kuziomba.

Kijana mmoja wa Uru aliniletea tangazo la kazi alilochapishiwa kwenye duka moja karibu na stendi. Alikuja na daftari lake la saa za kuruka, jalada limechakaa, kurasa zimejaa mwandiko mdogo ulionyooka: tarehe, namba ya ndege, kutoka, kwenda, dakika. Saa zake zilizidi elfu tatu, nyingi akiwa kwenye Cessna Caravan. Tukalisoma tangazo wote wawili, mstari kwa mstari. Sharti la kwanza, leseni ya EASA, yaani mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya. Sharti la pili, haki isiyo na kikomo ya kuishi na kufanya kazi katika nchi za Umoja huo. Sharti la tatu, saa za kutosha kwenye ndege kubwa ya aina iliyotajwa. Nikamweleza kwamba aliyepata leseni nje ya Ulaya, hata akiwa ameruka miaka ishirini, hukalia tena mitihani 13 ya nadharia na kuimaliza ndani ya miezi 18, kisha apimwe afya na daktari wa kwao, kisha aruke na mtahini wa kwao. Akalifunga daftari lake polepole.

"Kwani babu, hizi saa si saa?"

Ni saa, mwanangu, tena za jasho. Nimewaona marubani wa Caravan wakifanya kazi. Anaondoka Arusha na watalii tisa au kumi, anafika Kogatende, anapita chini mara moja juu ya uwanja ili nyumbu watoke njiani, anazunguka, anatua kwenye njia ya changarawe huku upepo ukimsukuma ubavuni. Anashusha mabegi kwa mikono yake, anachungulia mafuta ya injini, anapakia wengine na kuondoka jua likiwa utosini, saa ambayo hewa ni nyepesi na ndege inakuwa nzito. Yuko peke yake mle mbele. Lakini Caravan haifiki tani nne na ina injini moja, na mashirika makubwa yanahesabu saa kwa uzito wa ndege na kwa idadi ya marubani. ATR 72 ya Precision Air, yenye tani 23 hivi, inahesabika. Dash 8 ya Air Tanzania, yenye tani kama 29, inahesabika zaidi. Ndiyo maana wengi wa wanaotoka kwetu wanaishia Ghuba: mashirika ya Dubai na Doha yanaipokea leseni ya nchi yoyote inayofuata kanuni za kimataifa bila kumrudisha mtu kwenye mitihani yote ile, ila yanataka awe ameshapita kwenye ndege za uzito huo.

Na hata anayefaulu kupenya Ulaya asidhani atavikwa tepe nne za ukapteni siku ya kwanza. Mashirika makongwe kama KLM na Lufthansa hupanga marubani wao kwa tarehe ya kuajiriwa. Kapteni wa miaka 45 akiingia leo anaanzia kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, nyuma ya vijana aliowazidi saa maradufu, akisubiri zamu ya kiti cha kushoto. Mashirika ya nauli nafuu huchukua makapteni moja kwa moja, lakini yanataka mtu aliyekwisha kuwa kapteni wa Boeing 737 au Airbus A320. Hapo ndipo vijana wetu wanapokwama, kwa sababu ngazi yetu hapa nyumbani imekuwa ikikatika vipago vya katikati. Fastjet ilikuja mwaka 2012 na ndege za Airbus A319. Miaka sita baadaye haikuwepo tena. Air Tanzania iliungana na South African Airways mwaka 2002 na ndoa ile ikavunjika 2006. Hadi kufufuliwa kwake mwaka 2016 lilikuwa shirika la jina tu. Kila shirika likianguka, kuna vijana waliokuwa nusu ya safari ya kupata ukapteni wakabaki na nusu hiyo mkononi.

Sasa niwageukie wazee wenzangu. Desemba watu wanapopanda mlimani kwa Krismasi, mbuzi akishachinjwa na mbege ikishamiminwa, huwa hatukosi kuwasema walioko Doha na Dubai. Tunasema wamesahau nyumbani. Tunasema mkataa kwao ni mtumwa. Mimi methali hiyo siitumii tena kwa marubani, na sababu yangu ni ya hesabu. Sisi tulifundishwa kwa fedha za umma, kwa hiyo umma ulikuwa na haki ya kutuita, na ulipotuita tulirudi. Hawa je? Mafunzo ya urubani, yawe ya Afrika Kusini au ya kwingineko, yanazidi shilingi milioni mia kwa urahisi. Familia nyingi za mlimani zilianza kwa kuuza shamba la tambarare, lile la mahindi kule chini. Likauzwa na la pili. Wengine wakafika hadi kwenye kihamba, ardhi ambayo babu zetu wamelala ndani yake na ambayo ukoo haukuwa ukimruhusu mtu kuitoa nje. Bei ya kahawa nayo ilishaporomoka tangu makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989, kwa hiyo hakukuwa na mfuko mwingine wa kuchotea. Kijana aliyesomeshwa hivyo anadaiwa na baba yake na shangazi zake. Akipata kazi Doha akarudisha kihamba, amelipa deni lake. Sisi wengine hatumdai kitu.

Tunachoweza kufanya ni kumweleza kwa nini njia yake imekuwa nyembamba kuliko ya babu yake, na hilo halielezeki bila kuutaja mwaka 1977.

Kabla ya mwaka huo, Idara ya Usafiri wa Anga ya Jumuiya ilisimamia marubani, mafundi na ndege za nchi tatu kwa pamoja. Shirika letu lilirusha Super VC10 hadi London tangu mwaka 1966, na hakuna aliyeuliza kama mafundi wa Embakasi wanajua kazi. Kisha siasa zikaingia, madeni yakagombaniwa, na mwanzoni mwa 1977 ndege zikasimama, na Jumuiya yenyewe ikavunjika. Mpaka na Kenya ukafungwa, watu wa Holili wakatengwa na soko la Taveta, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Machi 1977 tukaunda Air Tanzania. Tuligawana ndege, viti na mafundi. Jina hatukuweza kuligawana, na jina lilikuwa mali kubwa kuliko ndege zote.

Si kwamba kila kitu kilipotea. Michael Shirima, mwana wa Kilimanjaro aliyepitia shirika lile la Jumuiya, alianzisha Precision Air Arusha mwaka 1991, akianza na Piper Aztec moja ndogo, na hadi anafariki mwaka 2023 marubani wengi wa nchi hii walikuwa wamepita mikononi mwa shirika lake. Lakini yeye aliweza kununua ndege. Mamlaka ya nchi tatu hakuna mtu binafsi anayeweza kuinunua.

Ulaya wamekwenda njia ya kinyume na yetu. Mwaka 2002 walitunga sheria ya kuunda EASA, na leo leseni iliyotolewa Lisbon inafanya kazi Helsinki bila mtu kuulizwa zaidi. Waingereza walipojitoa, tangu Januari 2021 rubani mwenye leseni ya Uingereza haruhusiwi tena kurusha ndege iliyosajiliwa Ufaransa au Ireland bila kutafuta leseni ya pili. Waingereza wanalalamika, sisi tuliyajua hayo miaka 44 kabla yao. Jumuiya yetu mpya ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, ulioundwa mwaka 2007 na wenye makao yake Entebbe, na kanuni zimesogezwa zifanane. Bado leseni ya Dar es Salaam ikifika Nairobi inahitaji kuthibitishwa. Kama sisi kwa sisi hatuaminiani karatasi, yule wa EASA kule Cologne atuamini kwa lipi?

Na hajatuamini. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia Air Tanzania kuingia anga lake. Juni 2025 ukayaingiza katika orodha yake ya waliozuiwa mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Zuio hilo linagusa mashirika, halifuti leseni ya rubani hata mmoja; kijana wa Uru bado anaweza kuandikishwa mitihani yake 13. Lakini mhuri ulioko kwenye cheti cha shirika ndio ulioko kwenye leseni yake, na mwajiri anayesoma barua za maombi mia mbili hahitaji sababu nyingi za kuweka moja pembeni. KLM inaendelea kutua uwanja wa Kilimanjaro, KIA, na watalii wa mlima. Ndege zao zinakuja kwetu, zetu haziendi kwao.

Sababu zilizotajwa Brussels ndizo zilizoniuma kama fundi, kwa kuwa miongoni mwake ni upungufu wa watumishi wenye sifa katika usimamizi wa anga. Wakaguzi, kwa maneno mengine: watu wa kupanda ndani ya ndege bila taarifa, kukaa nyuma ya marubani, kufungua vitabu vya matengenezo na kusema hii hairuki. Kazi hiyo haifanywi na mhitimu wa juzi. Inahitaji mtu aliyewahi kuogopa akiwa angani na aliyewahi kukataa kuondoka huku meneja akimfokea.

Watu hao tunao. Yupo kapteni wa miaka 58 anayehangaika na barua za maombi ya Ulaya, wakati mwajiri wa kule anapiga hesabu kwamba amebakiza miaka saba tu na gharama za kumfundisha upya hazitarudi. Wapo waliostaafu Ghuba na kujenga Machame na Marangu, wanaotazama ndege zikiteremka KIA wakijua kwa mlio kama rubani amekosea. Mkaguzi halazimiki kuwa chini ya miaka 65. Kinachowazuia wengi ni mshahara wa serikali ambao haufiki robo ya walichozoea, pamoja na woga wa kupigiwa simu na mkubwa pale watakapoizuia ndege.

Kwa hiyo nikiulizwa tena kama Ulaya wanaajiri marubani wazoefu, nitawajibu vijana hivi: mwenye nguvu na akiba akalie mitihani, aliyepata nafasi Ghuba aende na baraka za wazee, na mzazi asiuze kihamba kabla hajajua mwanawe atapata wapi saa za ndege kubwa. Serikali nayo nitaijibu: ndege hununuliwa kwa mkataba wa siku moja, lakini imani ya watu wa nje hujengwa na wakaguzi wanaolipwa vizuri na kuachwa wafanye kazi yao. Rubani mzoefu ambaye Ulaya inamkataa kwa sababu ya mhuri wetu ndiye mtu anayeweza kuusafisha mhuri huo. Tumwajiri sisi kwanza.