Saa ya kaka na mita 60 za maji

Leo naomba tuache kwanza stori za bumu kuchelewa. Nina ishu nzito kidogo.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni mzamiaji kule Nungwi. Namaanisha wa kuzama na mitungi mgongoni, siyo wale wa kuzamia meli! Miaka yote anawashusha wageni mita 18, mara 30, wanaona kasa, wanapanda. Sasa mwezi ujao anaanza mafunzo ya kuzamia kiufundi, kwenye kuta za Pemba, kama mita 60 chini. Mgeni mmoja anataka kumuuzia kompyuta ya kuzamia iliyotumika, ya kuvaa kama saa, kali kweli, nusu bei. Akanitumia picha: "Mwalimu, wewe si unasoma fizikia? Niangalizie."

Mimi hata bwawani sijawahi kuzama, lakini hesabu ni hesabu.

Kila mita 10 kanieneo inaongezeka kwa kiasi kile kile cha hewa yote tuliyonayo juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo mita 60 ni mara 7 ya huku juu. Naitrojeni anayovuta inayeyuka mwilini, na akipanda haraka inatoka mapovu, kama soda ukiifungua ghafla. Soda itamwagika tu. Mtu anaweza kupooza au kufa. Ndiyo maana anapanda kwa vituo, na kompyuta ndiyo inamwambia asimame mita ngapi, dakika ngapi.

Halafu kwa kina hicho hewa ya kawaida inalevya kama gongo, hivyo wanachanganya na heliamu, wanaita trimiksi. Wakati wa kupanda anabadilisha mtungi, na oksijeni tupu haguse mpaka afike mita 6, maana chini ya hapo inaweza kumtia degedege. Kompyuta lazima ijue kila mchanganyiko anaovuta. Nimesoma kitabu cha maelekezo cha ile saa usiku mzima (asaimenti ya saikolojia ya elimu ikasubiri). Inajua hewa na naitroksi tu. Heliamu haina habari nayo.

Kibaya zaidi, ikiona umekiuka vituo ilivyopanga yenyewe, inajifunga masaa 48. Inakuonyesha kina na muda, basi. Yaani mtu yuko chini, ana vituo vya zaidi ya nusu saa mbele yake, na chombo chake kimemnunia!

Mimi nimempendekezea Perdix, ya kampuni ya Shearwater ya Kanada. Siyo nzuri kwa sura, inafanana na kikokotoo. Lakini inakubali trimiksi, haijifungi, na inatumia betri ya AA, zile za redio, ambazo hata duka la Mangi zipo. Hesabu yake ni ya Bühlmann, daktari wa Uswisi, inayougawa mwili sehemu 16, na mzamiaji mwenyewe anachagua ukali wake. Akiweka 30/70, namba ya kwanza inaamua kituo cha kwanza kiwe chini kiasi gani, ya pili inaamua anafika juu na mzigo kiasi gani. Anaweza kupanga safari yake kwenye karatasi kwa hesabu ile ile, akajua chombo kitamwambia nini kabla hajalowa.

Na zinatakiwa mbili, moja ya akiba, zenye hesabu moja. Zikibishana huko chini amwamini nani?

Nilipomtajia bei alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Mdogo wangu, hiyo saa nimeshaahidi." Nikamwambia avalie kwa wageni wake wa mita 18, huko inafaa kabisa, na mafunzo ayasogeze mpaka apate hela. Kakasirika. Mama mkubwa hajui lolote, na mwenye saa anataka jibu Ijumaa. Kesho nampigia tena.